Hongera, Mwalimu!

Jumatatu, tarehe 3

Siku imeanza vibaya. Mwalimu Bandeji, anayetufundisha uuguzi wa vitendo (jina tumempa sisi, yeye hajui), ameandika kwenye kundi la darasa simuni. Kasema atakayeshiriki vizuri zaidi kundini hadi Ijumaa ndiye atakayeongoza kikosi cha kwanza kwenda wodi ya wazazi. Wodi ya wazazi! Naiota tangu niingie chuo. Kibaya zaidi, Mama nilishamwambia wiki jana kwamba nimechaguliwa. Na Mama akijua, mtaa umejua.

Wakati huo nilikuwa na mswaki mdomoni. Kabla sijatema, Chapchap kashajibu. Huyu ni mwenzangu wa darasa, na jina lake analistahili. Kashukuru, kauliza swali la maana, kaweka na ua. Ua! Wivu ulinikaba mpaka dawa ya meno nikaimeza.

Wenzetu wengine wanalalamika kwamba uuguzi haufundishwi simuni, sindano haichomwi kwa kubonyeza kioo. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Kimoyomoyo lakini, maana Mwalimu anasoma.

Jumanne, tarehe 4

Kazi ya leo: jirekodi ukimfunga mgonjwa bandeji mkononi, tuma kundini. Chapchap kamfunga babu yake. Babu anatabasamu, bandeji imenyooka, mpaka pazia la nyuma limepigwa pasi. Mwalimu kaandika: "Safi sana!" Roho iliniuma, sitaficha.

Mimi nikamkamata Shangazi, ninayekaa kwake. Nikakaza bandeji vizuri, isije ikaonekana legelege kama ya watu fulani. Shangazi akasema vidole vinakufa ganzi. Nikamwambia atulie, narekodi. Akasema vinabadilika rangi. Nikamwambia atabasamu kama babu yake Chapchap. Alichonijibu siandiki hapa, ila kimo kwenye video, na video nilishaituma.

Mwalimu kaandika: mfungue mgonjwa kwanza, halafu tutazungumza. Chapchap kaweka kile kikatuni cha kucheka hadi machozi, kisha akakifuta. Nilikiona!

Jumatano, tarehe 5

Wazungu wakigundua jambo husema heureka, mimi nimesema: haya sasa! Nimegundua simu yangu inaweza kujibu yenyewe. Mwalimu akiandika tu, jibu linaruka. Nimelitunga kwa ustadi: "Hongera sana, Mwalimu! Hiki ndicho tulichokuwa tunakingoja. Tunaomba na kingine!"

Asubuhi kaleta somo la kupima presha. Jibu langu likatua kabla Chapchap hajapepesa jicho. Mchana kaleta picha za moyo. Mimi tena! Mwalimu kaandika kwamba amefurahishwa na juhudi zangu. Chapchap kafika wa pili, na ua lake. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako, na hiyo kwa wodi ya wazazi ni kweli tupu.

Nimelala usingizi mtamu mchana kutwa.

Alhamisi, tarehe 6

Yarabi.

Simu nilikuwa nimeiacha chumbani inachaji, mimi nafua mashuka ya Shangazi (adhabu ya bandeji). Mwalimu kaandika kundini kwamba ameteleza kwenye ngazi za chuo, amevunjika mguu.

Simu yangu ikampa hongera. Ikasema hicho ndicho tulichokuwa tunakingoja.

Akauliza kama nimesoma alichoandika. Ikampa hongera. Akasema miguu anayo miwili tu, na mmoja ndio huo umevunjika. Ikaomba na kingine.

Nani kaja mbio kunigongea mlango, jasho linamtoka? Chapchap! Kanieleza yote, kanizimia lile jibu kwa mkono wake, kisha akamwandikia Mwalimu kwamba kosa ni la simu, mwenzake ana roho nzuri. Shangazi kamkaribisha chai, kamwita mwanangu. Mimi nakaa hapa mwaka wa pili, sijaitwa mwanangu hata siku moja! Yaani hata kwa wema lazima awe wa kwanza?

Ijumaa, tarehe 7

Kachaguliwa Chapchap, na leo hii hii kikosi kimeingia wodini. Alimwomba Mwalimu nami niwemo kikosini, Mwalimu akakataa. Kasema mimi nina kazi yangu maalumu: kila asubuhi nikamhudumie ule mguu, ana kwa ana, simu ibaki mlangoni. Kaongeza kwamba nikikaza sana, atapiga kelele kuliko Shangazi.

Mama kapiga simu kuuliza habari za wodi. Nimemwambia Mwalimu mwenyewe kanichagua kati ya darasa zima nimtibu. Si uongo! Kapiga kigelegele. Mtaa umesikia.

Nimekaa nikafikiri kwa kina, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa neno hongera. Hongera ni hatari, haifai kila mahali. Basi nimeiwekea simu jibu jipya, la upole, na safari hii limjibu Chapchap kila akiandika kundini, aone wa kwanza ni nani: "Poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Mola awape subira."

Hilo litakosea wapi?

Simu hiyo imelia! Chapchap kaandika kundini kutoka wodi ya wazazi: mama mmoja kajifungua salama, mapacha, wote wazima.

Na nani kajibu wa kwanza? Mimi! Kabla ya darasa zima!