Maganda Mia Tatu na Kiti cha Usalama

Jumatatu, 2 Septemba

Klabu yetu ya shabaha inachagua msimamizi wa usalama Jumapili. Wagombea ni wawili: mimi, Jalmari, na jirani yangu Taisto, ambaye ameosha matangi ya maziwa kiwandani miaka thelathini na anadhani hiyo ni sifa. Mwenyekiti wetu, mzee Reino, anataka kila mgombea alete mezani maganda yake ya risasi, yawe yamesafishwa tayari kujazwa baruti upya, wanachama waone kazi ya mikono yetu. Safi sana. Yangu mia tatu yamekaa misimu miwili ya baridi ndani ya mfuko wenye unyevu kwenye banda la mashua. Yamekuwa kijani kama supu ya njegere. Nina siku sita. Mtu mwenye akili anahitaji tatu.

Jumanne, 3 Septemba

Sylvi, mke wangu, alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikayapanga maganda kwenye mashine ya kuoshea vyombo, pamoja na vikombe, ili nisipoteze maji. Mimi ni mtu wa mazingira. Yakatoka ya kijivu. Vikombe navyo vivyo hivyo. Sylvi akarudi, akanywa kahawa, akauliza kwa nini ina ladha ya uwanja wa shabaha. Nikaeleza. Maelezo hayakumfurahisha. Alisema masizi ya ndani ya maganda hayo yana madini ya risasi, kwamba ni sumu, na kwamba jambo hilo limeandikwa ukutani klabuni, mahali ambapo mgombea wa usalama hupita kila wiki. Vikombe kumi na viwili vimekwenda kwenye pipa la taka. Sasa mimi nanywea kopo la jemu, nje, kwenye ngazi.

Jumatano, 4 Septemba

Nilimwendea Taisto kijanja. Nikamwambia nina rafiki mwenye maganda machafu. Akaniangalia vidole. Kisha akamwaga yote, bila hata kubembelezwa. Rafiki huyo atoe kwanza fataki zilizokwisha kulipuka, vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti. Avae glavu. Atafute ndoo ambayo haitaingia jikoni kamwe. Maji ya vuguvugu, kijiko cha ndimu ya unga, tone la sabuni, dakika kumi tu. Asuuze, asuuze tena, ayaanike juu ya taulo mpaka yakauke kabisa, halafu akague moja moja kama lina ufa.

"Na amonia asiiguse, jirani," akasema. "Inang'arisha, lakini inaila shaba kwa ndani. Mwambie hivyo huyo rafiki yako."

Nikamshukuru. Njiani nikacheka peke yangu. Mgombea gani humpa mpinzani wake ukweli? Kwa hiyo ndimu ni mtego, na siri yenyewe ni amonia. Maskini Taisto, hajui hata kudanganya.

Alhamisi, 5 Septemba

Amonia chupa nzima, maganda yote, ndoo moja. Mlango wa banda nimeufunga ili Taisto asichungulie. Nilistahimili dakika nne. Nikatoka kwa magoti. Sylvi alinikuta kwenye majani, machozi yakinibubujika. Nikamwambia namlilia marehemu mbwa wetu. Akanikumbusha kwamba hatujawahi kufuga mbwa.

Maji ya ndoo yamegeuka bluu. Nimelichukulia hilo kama dalili njema. Nayaacha mpaka kesho.

Ijumaa, 6 Septemba

Yanang'aa kama vito vya bibi harusi. Imebaki kuyakausha. Taisto alisema taulo, basi mimi nikachagua sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Nikayatandaza benchi la juu, nikawasha kuni, nikaenda kuandika hotuba ya ushindi. Lililonitoka akilini ni kwamba Ijumaa ni siku ya Sylvi kuoga sauna na dada yake, Aune. Shemeji haoni vizuri bila miwani, na benchi la juu ndilo lake tangu zamani. Nasikia sauti yake ilifika ng'ambo ya ziwa. Sylvi anasema zimehesabiwa alama kumi na moja za duara. Nimekubali neno lake, sikuomba ushahidi.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimesugua sauna kutwa. Sitaki kulizungumzia.

Jumapili, 8 Septemba

Maganda ya Taisto mezani: safi, yamefifia kidogo, mengine yana madoa. Yangu: kama jua. Wanachama wote wakaja upande wangu na kahawa zao. Nilishaanza kuifungua hotuba.

Ndipo Reino akaokota ganda langu moja, akalipeleka dirishani, akalibana shingoni kwa kidole gumba. Likapasuka. Akachukua la pili. Lilikuwa limepasuka tayari.

"Jalmari," akasema taratibu, "hili ungelijaza baruti, ungeweka shavu lako hapa pembeni?"

 Nikatazama viatu vyangu. Kusema kweli, la kwanza nilikuwa nimepanga kumpa yeye alijaribu.

Akauliza nimetumia nini. Nikasema ni siri ya familia. Taisto alijua, niliona usoni mwake. Angeweza kusema kwamba alinionya Jumatano, mbele ya wote. Hakusema. Alileta koleo mbili, akanipa moja, tukakaa tukiyaponda yote mia tatu ili asije mtu akayajaza. Huo ndio unafiki wake ulivyo mkubwa.

Kura: Taisto kumi na tisa, mimi moja. Hiyo moja si yangu. Mimi kwa adabu nilimpigia Taisto, nikijua mgombea hajipigii mwenyewe, na adabu hiyo naye Taisto anayo.

Jumatatu, 9 Septemba

Msimamizi wetu mpya amepita asubuhi. Ameniletea maganda mia moja ya kwake, bure, ndani ya boksi la biskuti. Amesema tukapige shabaha wote Jumamosi. Sylvi alimkaribisha kahawa, kwenye kikombe kipya.

Baada ya kuondoka nimeyakagua moja moja. Hayana ufa. Lakini manne yana madoa ya kahawia, na anadhani sitayaona. Hanijui huyu. Binamu yangu ananiazima mashine ya kuchanganyia zege, na mchanga wa kuyasugulia humo uko tele hapo ufukweni. Nimeshapiga simu.