Pamba ya Bulaimu, Jina Langu

Jumatatu, 5 Desemba 1932
Nimerudi kwenye jembe. Mimi, Zéphirin, karani wa miaka sita kwa mnunuzi wa mawese pale Kasongo! Bwana alinieleza kwamba Ulaya kuna krizi, biashara imeanguka, mawese hayana bei, basi kalamu yangu haina kazi. Huyo Krizi simjui kwa sura, lakini amenimeza mzima. Sasa niko kijijini kwetu, karibu na Wamaza. Serikali nayo imepata dawa yake: kila mwanamume alime pamba. Yaani mimi na jembe tutaiponya Ulaya! Leo tumepimiwa mashamba kwa kamba, kila shamba na kijiti chenye jina la mwenyewe. Jirani yangu ni Bulaimu, mtu wa sala tano na maneno machache. Amenicheka kwa sababu nimelima na viatu.

Jumatano, 7 Desemba
Akili imekuja! Nimechemsha mbegu zote za serikali, ndipo nikazipanda. Haitaota hata moja. Bwana Pamba (ndivyo tunavyomwita Mzungu wa ukaguzi) ataona udongo wangu umekataa, atanifuta kwenye orodha. Tena serikali imepunguza Wazungu wake ili kubana matumizi, inatafuta kapita wa pamba, msimamizi anayejua kuandika. Nani kama mimi? Barua ya kuomba kazi iko tayari.

Kasoro ni moja tu. Nilitumia sufuria ya sombe, ile ya kupikia majani ya muhogo. Jioni Apolline, mke wangu, alivuta uzi mweupe mdomoni, akanitazama. "Baba Mado, we iko mutu wa namna gani?" Nikamwambia ni utando wa buibui. Hakula tena.

Jumanne, 20 Desemba
Pamba ya Bulaimu imeota mistari kwa mistari. Kwangu ni peupe, kama uwanja uliofagiwa. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumatano, 4 Januari 1933
Balaa! Habari zimefika kutoka Lusangi. Kuna Dominique mmoja huko, mwenye akili kama zangu, naye alichemsha mbegu. Bwana Pamba alifukua udongo, akanusa, akacheka. Dominique yuko gerezani Kabambare, miezi miwili, na fimbo juu.

Nimemweleza Apolline ukweli wote. Mimba yake ni ya miezi saba. Nikifungwa, atalima peke yake, na pengine atazaa peke yake. Alilia. Nami nililia, tena kwa sauti kumshinda. Ukaguzi ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Ijumaa, 13 Januari
Ijumaa! Bulaimu haikosi sala ya Ijumaa, na msikiti uko mbali. Alipopita tu njia panda, nilihamisha vijiti. Jina langu kwenye pamba yake, jina lake kwenye vumbi langu.

Bwana Pamba alifika saa tano. Alisoma kijiti changu, akavua kofia. Alisema hajaona shamba kama hili tangu Kasongo. Kisha akasogea kwenye vumbi, akasoma jina la Bulaimu, akainama kufukua. Moyo ulinipasuka. Mtu afungwe kwa ajili ya sufuria yangu? Hapana, hata mimi nina mpaka! Nikaruka mbele, nikamsifu Bulaimu. Nilisema udongo ndio mbaya, mtu mwenyewe ni wa kazi, ni mwaminifu, halewi, anajua kila njia hadi Lusangi. Sikujua kunyamaza. Nikaongeza kwamba anaandika vizuri kuliko mimi.

Bwana Pamba akasimama, akapangusa mikono. Akasema mtu wa namna hiyo asipotezwe kwenye udongo uliokufa. Atakuwa kapita.

Nikatoa barua yangu haraka. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Alisema mikono inayolima hivi haifai kuchezea kalamu. Nimeongezewa shamba la pili.

Jumanne, 17 Januari
Bulaimu amekuja na kofia, filimbi na kamba. Anajua kila kitu. Nani asiyelijua shamba lake? Lakini akisema, kofia itaondoka. Basi amenyamaza. Alipomaliza kunipimia shamba la pili, alinipa mkono. "Karani, aksanti sana. Sasa ulime."

Asubuhi nilimkuta Apolline akipalilia, mkono mmoja kwenye jembe, mwingine umeshika kiuno. Aibu ilinikamata, kweli. Nilimnyang'anya jembe, nikamwambia akapumzike, nikalima hadi saa nne bila kusimama.

Halafu nimekaa kivulini kufikiri. Kosa langu nimeliona. Nilichagua shamba zuri mno! Mwakani nitachagua la wastani. Liko moja la Antoine, mkono wa kushoto, pamba si haba wala si nyingi. Tatizo Antoine ni katekista, hatoki shambani ila Jumapili. Si neno. Leo hii namwandikia Bwana Pamba, kwa heshima zote, nikimwomba ukaguzi wa mwakani uwe Jumapili.