Mahindi Yatakayoitwa Komora

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Binti Muna, mtafiti wa mbegu, ametuita wakulima mkutanoni Tarasaa. Anatafuta mahindi ya kienyeji ambayo majani yake husimama wima badala ya kutanda. Majani yakiwa wima jua hupenya hadi chini, mashina hupandwa karibu karibu, na kishamba kidogo hutoa magunia mengi. Alisema umbo la mmea huamuliwa na jeni: kimo, matawi, hata jani lielekee wapi. Mmea hurithi kwa wazazi wake jinsi mtoto anavyorithi pua. Hapo sikusikiliza sana. Nilikuwa nasubiri habari za zawadi.

Zawadi ni hii: mbegu itapewa jina la mkulima ambaye mahindi hayo yatapimwa yakiwa yamesimama shambani kwake. Kwetu atakuja Ijumaa.

Jina! Kaka yangu Buya ana wana watano, na kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Ukiita Buya kijijini wanaitika wajukuu watano na babu yao. Mimi nina mabinti watatu. Nawapenda sana, lakini watoto wao wamebeba majina ya upande wa pili. Nikifa, Komora amekwisha. Hata mbuzi hana jina langu. Inaniuma, nakiri.

Mahindi yangu ni ya mbegu ya dukani na majani yametanda kila upande. Si hoja. Akili ninayo.

Jumanne, 10 Juni

Mpango tayari. Mtoto hufunzwa kukaa wima, jani litashindwaje? Nimeyafunga majani ya mashina arobaini yakumbatie shina, kwa miyaa ya kusukia mikeka ya mke wangu Asenath. Siku tatu yatazoea. Yakizoea, jeni nazo zitafuata. Zitakwenda wapi?

Buya amepita na jembe lake. Akauliza mahindi yangu yamekamatwa kwa kosa gani. Nimesema ni kinga ya viwavi. Ameondoka akicheka. Acheke.

Asenath ameuliza miyaa ya mkeka wake iko wapi. Nimesema sijui. Nusu ya mkeka iko shambani.

Alhamisi, 12 Juni

Hatari! Kwenye kona ya mwisho, karibu na choo, nimekuta mashina sita yenye majani wima. Sikuyafunga mimi. Nimetafuta uzi, hakuna. Nimetafuta gundi, hakuna. Nimelamba jani moja nihakikishe. Hakuna kitu!

Majani hayasimami bila mtu. Basi mtu yupo. Buya! Ameingia kwangu akayasimamisha kwa ufundi nisioujua, ili Muna ashtuke, achunguze shamba zima, na mimi niumbuke. Njama chafu kabisa. Natamani ningeifikiria mimi.

Nimeyang'oa yote sita. Nimempelekea Abdullahi, jirani yangu mfugaji wa Kiorma, ampe ndama wake. Amenipa maziwa, kidumu kizima. Akataka kujua kwa nini mtu mzima ang'oe mahindi yanayoanza kuzaa. Ni rafiki, nikamfunulia sayansi yangu yote. Akasema kwao dume huchaguliwa kwa kumtazama mama yake. Hata umfunge ng'ombe kichwa juu mwaka mzima, ndama wake atainamisha kichwa ale majani. Nikamwambia ng'ombe ni ng'ombe na mahindi ni mahindi. Hilo hakulipinga, kwa hiyo nimeshinda.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nimefungua nyuzi zote. Wima! Kama askari kwenye gwaride! Muna alifika saa mbili na kipimapembe chake. Akapima mashina kumi, uso ukamng'aa. Nilimtajia herufi za jina langu mara tatu ili asije akakosea. Kisha Asenath akamkaribisha chai na mahamri, na hapo ndipo mke wangu alipoharibu kila kitu. Chai ilichukua saa nzima na jua likawa kali.

Tuliporudi, majani yalikuwa yamelala. Mashina yote arobaini. Nilieleza kwamba yamechoka kusimama mbele ya mgeni. Muna aliokota uzi wa miyaa chini, akautazama, akautia mfukoni. Alikata vipande vya majani vya kupeleka maabara, akaandika daftarini kwa muda mrefu. Bila shaka aliandika mambo mazuri.

Mara Asenath akamshika Muna mkono, akamwongoza kwenye kona ya choo. Wakasimama huko wakitazama udongo mtupu. Asenath amerudi na hajanisemesha mpaka sasa. Ni ile miyaa tu.

Jumatano, 25 Juni

Muna amepiga simu. Jeni za mahindi yangu ni zile zile za mbegu ya dukani. Siku tatu za mafunzo hazikuonekana hata kidogo! Maabara gani hiyo?

Lakini alichokitafuta amekipata. Ni kijijini Kinakomba, shambani kwa mama mkwe wangu, alikoelekezwa na Asenath. Majani wima ya kuzaliwa nayo, tangu enzi za bibi zake. Ameyapima huko yakiwa yamesimama, na jina limeshaandikwa: Rachael. Jina la mama mkwe! Binti yangu wa kwanza tayari anaitwa hivyo kwa heshima yake. Sasa ana mjukuu na ana mahindi.

Nikamwuliza Asenath kwa nini alinificha habari za mbegu hiyo. Ndipo alipofungua kinywa, baada ya siku kumi na mbili.

"Sikukuficha, Baba Rachael. Nilipanda sita kwako msimu ulipoanza, pale kona. Niliposikia habari za zawadi, nikataka Muna ayapime kwako yaitwe Komora. Wewe ukampa ndama."

Nikauliza mbona hakuniambia mapema. Akasema angeniambia ningeanza kuyaboresha.

Sikuweza kula. Kumbe kulikuwa na mtu ananitafutia jina, nami nikalilisha ndama. Nimelia kidogo nyuma ya nyumba. Asenath akaja, akakaa karibu yangu, akaendelea kusuka mkeka wake.

Jumatatu, 30 Juni

Nimejifunza! Mahindi si zao langu.

Tom, mwenzake Muna, anakuja Alhamisi. Anatafuta migomba mifupi ya kienyeji, isiyoangushwa na upepo. Kimo nacho ni kazi ya jeni, wanasema. Zawadi ni ile ile.

Mgomba wangu umepita paa la nyumba. Si hoja. Nimechimba shimo la futi sita, nimeushusha ndani mpaka shingoni, nimerudisha udongo na kuushindilia vizuri. Ukitazama kutoka njiani, haufiki kiunoni! Nimesimika kibao mbele yake na kuandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: KOMORA.

Asenath amekuja, ametazama, amekwenda kuficha miyaa yake.

Buya naye amepita. Akasoma kibao, akautazama ule udongo mpya uliotuna, akavua kofia. Akauliza mbona hakuitwa mazishini. Wivu tu.