Mkaguzi Wangu Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Tumeipata nyumba! Vyumba vitatu, na kile cha nyuma kimepakwa rangi juzi tu. Hicho ni cha mama mkwe, ambaye ana pumu na anahamia kwetu. Mke wangu kasema hatoi akiba yake ya miaka tisa kabla nyumba haijakaguliwa. Dalali akajitolea kuleta mkaguzi wake, bure. Kesi ya nyani, hakimu ngedere? Nikakataa. Shemeji naye, kaka wa mke wangu, mjuaji wa kila kitu, anamsifu mama mmoja anayekagua nyumba kwa nyundo, eti hupanda mpaka darini. Nimemkataa pia. Sababu: katoka kwa shemeji.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi! Kinyozi wangu anamjua mzee mmoja, mkaguzi mstaafu. Miaka thelathini na miwili kazini, hajawahi kula rushwa, watu wakimwona langoni walikuwa wanatetemeka. Nimekwenda kwake. Kavaa tai, na yuko nyumbani! Amekubali palepale. Shemeji atakoma.

Alhamisi, 6 Machi
Ukaguzi. Mzee alifika kabla ya saa mbili, akaandika waliochelewa. Shemeji alikuwa wa kwanza kwenye orodha! Raha iliyoje. Akahesabu madirisha, akasifu mwanga. Akauliza choo hiki kitahudumia wangapi, wavulana na wasichana. Nikajibu kama mtaalamu mwenzake. Akauliza kengele iko wapi. Ukuta hakuugusa. Mwisho akasoma taarifa yake: mazingira yanaridhisha, ila mwalimu mkuu aongeze madawati.

Shemeji akamuuliza kwa adabu alikuwa mkaguzi wa nini. Wa shule, akajibu mzee, akishangaa kwamba hatukujua. Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikamtetea mzee wangu: darasa si chumba? Chumba si nyumba?

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa kule chumba cha nyuma, anakohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kamleta yule mama wa nyundo bila kuniuliza. Akagonga ukuta wa chumba cha nyuma, akatega sikio, akakwangua rangi. Chini yake ukungu mweusi, kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua. Bomba linavuja ndani ya ukuta, pengine miaka. Dalali akakumbuka ghafla kwamba ana mgeni nyumbani.

Mke wangu hakugomba. Alisema tu kwamba mama yake angelala humo. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Jioni nikampelekea mama mkwe chai. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia asante mwanangu. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Nyumba nyingine imepatikana. Mama wa nyundo anakuja kesho. Wote wanamwamini kabisa, hata mama mkwe. Hapo ndipo penye hatari! Yeye atakaguliwa na nani? Nimewaza tangu asubuhi, na jibu ninalo. Fundi viatu wa pale kona ana binamu yake mpimaji, mtu makini mno, hakosei hata nusu inchi. Nimeshamwomba aje kesho, kimyakimya. Amekubali, ila ameuliza kama tunataka vifungo viwili au vitatu. Mcheshi kweli! Wataalamu ndivyo walivyo.