Nimepiga Magoti Bredäng

Jamani, leo nimejidhalilisha mpaka nimepimwa presha. Kaeni mkao wa kula niwasimulie mwenyewe, maana najua Nakato ataanza kuwatumia sauti huku anacheka na ataongeza chumvi.

Mnajua nilivyohangaika na kazi tangu nije huku Stockholm. Nimeomba usafi, nimeomba jikoni, nimeomba mpaka viwandani kule Södertälje. Kote jibu ni "tutakupigia". Anayenipigia ni mama tu, kutoka Bukoba. Na sofa la binamu yangu pale Husby limenichosha, mgongo umekuwa wa bibi kizee. Nikaapa, mlango wa kwanza utakaofunguka, mimi sitoki.

Basi Nakato, dada yetu Mganda, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Bredäng. Akaniombea kwa bosi wake siku moja ya majaribio, ndiyo leo. Jana akanipigia kunipa siri: "Wewe, bosi anaangalia kitu kimoja tu, kama unaheshimu wazee. Basi."

Nikamjibu, "Heshima? Dada, hapo umefika kwetu."

Ningejua!

Asubuhi nikapanda treni, nikabadilisha mjini, nikafika Bredäng mlango haujafunguliwa. Nimesuka, nimepaka mafuta, viatu vinang'aa. Bosi ni mama mrefu anaitwa Lena (huku bosi unamwita jina lake hivyo hivyo, mdomo unakuwa mzito). Akanipa sare, akaniingiza sebuleni. "Msalimie Gösta," akasema, akaenda kupokea simu.

Gösta amekaa kwenye kiti, kavaa sweta, nywele nyeupe pee. Mzee wa haja, rika la babu yangu kabisa.

Sasa nyie wa kwetu mnajua. Bukoba msichana hamsalimii mzee akiwa amesimama kama nguzo ya umeme. Wala sikufikiri. Magoti yalijipiga yenyewe, puu, chini! Nikanyoosha mikono yote miwili, nikainamisha kichwa: "Shikamoo, babu."

Nikainua macho. Mzee ananitazama, machozi yanamlengalenga. Akaishika mikono yangu. "Ja," akasema. "Ja, ja!"

Hata mimi wa darasa la chini la Kiswidi najua hiyo ni ndiyo. Ndiyo ya nini tena, babu? (Huku mtu akikupigia goti anakuposa. Sinema zote hizo nimeangalia, akili ikanijia nikiwa tayari chini!)

Nikataka kunyanyuka, mzee kaning'ang'ania. Wakati huohuo akapita mfanyakazi mmoja na toroli la kahawa. Akaona nini? Mgeni yuko sakafuni, mzee wa watu anamshikilia asizidi kuanguka. Akapiga ukelele, akabonyeza kengele ya dharura.

Mama yangu! Watu wakaja mbio. Wamenilaza ubavu, mmoja ananifunga kipimo cha presha mkononi, mwingine ananimulika macho. "Umekula leo?" "Una kisukari?" Kila nikijaribu kukaa, "Lala!" Na Kiswidi changu chote kimenikimbia. Nikabaki napunga mkono pale chini, "Hej! Hej!", nikitaka waelewe kwamba nilikuwa nasalimia tu. Wakazidi kuogopa.

Nakato akatokea jikoni. Akanitazama, akamtazama Gösta, akaelewa palepale. Badala ya kuniokoa, akaegemea ukuta akacheka mpaka akateleza akakaa chini. (Tukawa wagonjwa wawili.)

Alipopata pumzi ndiyo akawaeleza. Lena uso ukawa mwekundu, sijui hasira, sijui kicheko. "Nenda nyumbani ukapumzike," akaniambia. "Tutakupigia."

Eti tutakupigia! Hapo damu ikanichemka. Nikasimama, nikanyoosha sare, Kiswidi kikarudi chenyewe: "Lena, mimi siumwi. Nimekuja kufanya kazi, na siku haijaisha."

Lena akanionyesha vyumba vya kuanzia. Nimetandika, nimelisha, nimeogesha, nimesukuma viti vya magurudumu. Bibi mmoja akanifokea kabisa, mbona yeye sijampigia goti! Mikono inaniuma mpaka sasa, lakini sikukaa chini hata mara moja. (Ningethubutu vipi?)

Jioni Lena akaniita ofisini.

"Kesho saa moja asubuhi," akasema. "Na salamu, tafadhali, ukiwa umesimama."

Nikalia mbele yake, siwafichi.

Kwa hiyo kazi nimepata! Ila sasa hivi Nakato kanipigia, hata kuongea hawezi kwa kucheka. Gösta amempigia simu binti yake kumpa habari njema, na kesho binti anakuja kumwona mama wa kambo.

Atakayecheka, harusini asije.