Mageuzi Yamevuka Kizingiti Changu

Kijijini milimani,
kwa anwani ya Parokia, Mbinga.
Mwezi wa tatu, mvua bado ipo.

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi marahaba. Mimi ni Bernadi Hyera, mkulima wa kahawa na mahindi, mwenye cheti cha Elimu ya Watu Wazima nilichokipata bila kuangalizia kwa mtu. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu siku tatu, kalamu mbili. Naomba uitoe ukurasa wa mbele, mahali ambapo Rais mpya hawezi kukunja gazeti bila kuiona.

Kwanza nampongeza. Nilimpigia kura. Nilikuwa wa nne kwenye mstari, na ningekuwa wa kwanza kama si wanawake watatu waliofika kabla jogoo hajaamka. Sasa, kwa heshima zote, nina malalamiko yafuatayo.

1. Wakati wa kampeni ilikuja gari yenye kipaza sauti. Kijana aliyesimama juu yake alisema kila kitu katika nchi hii kitabadilika. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mpaka kofia ikaanguka. Lakini tulielewa kwamba itabadilika barabara ya kwenda Mbamba Bay, dawa zitaonekana zahanati, na karani anayekuambia njoo kesho atapelekwa kwao. Hakuna aliyetuambia kwamba mageuzi yataingia mpaka jikoni kwangu.

2. Nyumba yangu imeendeshwa kwa ushirika miaka thelathini na sita. Mwenyekiti mimi, katibu mimi, mweka hazina mimi. Mke wangu Ephrasia ndiye alikuwa wanachama wote. Hakukuwa na malalamiko, maana malalamiko yalipaswa kupitia kwa katibu. Sasa limekuja hili soko huria. Kombo, mfanyabiashara wa Mbamba Bay anayetuletea dagaa wa ziwani, alikaa uani kwangu, akala ugali wangu, akamwambia mke wangu: "Mama Clemence, siku hizi maharage ni ya aliyeyalima. Serikali yenyewe imeruhusu." Kisha akanawa mikono akaondoka. Mimi nimebaki na matokeo.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Wewe wa mjini huenda hujui ngoro, kwa hiyo nitakufundisha. Huku kwetu milima imesimama kama ukuta. Ukilima ovyo, mvua inalibeba shamba na kumpelekea jirani wa bondeni. Kwa hiyo mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa miraba kama dirisha lenye nondo. Halafu mwanamke anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Katikati linabaki shimo la kushika maji, na juu ya udongo uliofukia nyasi tunapanda maharage. Kazi ya mwanamume inataka akili na jicho. Ya mwanamke inataka jembe tu.

Ngoro zangu ni maarufu. Wataalamu walikuja na kamera wakazipiga picha. Ephrasia anadai kwamba kinachoonekana kwenye picha hizo ni mgongo wake. Hiyo ni kwa sababu aliinama mbele ya kamera.

Mwaka huu nimelaza nyasi mlima mzima, zimenyooka mpaka padri alisimamisha pikipiki akatazama. Ephrasia naye akaja, akatazama, akasema: "Umepanga vizuri, Baba Clemence. Nani atafukia?" Nikamwambia, wewe. Akasema atafukia akisikia mbele ya mashahidi kwamba maharage yatakayoota juu ya udongo alioutoa yeye, atayauza yeye. Nikakataa. Akalining'iniza jembe juu ya mlango, akakaa kupukuchua mahindi huku anaimba nyimbo za Jumapili, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne.

Leo ni siku ya kumi na saba. Nyasi zinaoza, mchwa wamehamia. Zikipita wiki mbili maharage hayapandiki tena, na bila ngoro hizo mwezi wa kumi na mbili sina pa kupanda mahindi. Watu wa nyumba hii watakula nini, Mhariri? Mistari yangu iliyonyooka?

4. Nikaona nilimalize jambo hili kisasa. Nikatangaza uchaguzi wa mkuu wa nyumba, chama changu na chama chake, atakayeshinda ndiye ataamua juu ya maharage. Alama yangu punje ya hindi, alama yake punje ya haragwe. Wapiga kura tulikuwa watano: mimi, Ephrasia, mwanangu Clemence, mkewe Notburga, na mdogo wangu Mansuetus. Kila mmoja aliingia chumbani peke yake akatumbukiza punje yake moja kwenye kibuyu.

Kampeni niliifanya vizuri sana. Nilihutubia saa nzima na nikachinja jogoo. Kampeni ya Ephrasia ilikuwa maneno haya tu: "Huyo jogoo nimemfuga mimi." Bado nilijua nina kura nne. Clemence nilimsomesha. Notburga nilimtolea mahari. Mansuetus hajawahi kunibishia tangu azaliwe.

Kibuyu kikamiminwa kwenye ungo. Mahindi mawili, maharage matatu. Mansuetus akakohoa, akasema, "Kaka, labda turudie kuhesabu." Tulirudia mara sita. Punje tano hazikuzaa.

Nimeibiwa. Nasema wazi na majina nayajua: Clemence na Notburga. Juzi nilimuuliza Clemence uso kwa uso. Akajibu, "Baba, kura ni siri," na huyo nilimsomesha kwa kahawa yangu!

5. Kwa hiyo namwomba Rais atamke redioni, kabla ya taarifa ya habari, kwamba mageuzi mwisho wake ni barabarani na hayaruhusiwi kuvuka kizingiti cha mtu. Soko huria liwekewe kizuizi pale darajani na Kombo apekuliwe kila akipita. Waletwe waangalizi wa uchaguzi kutoka nje, walale kwa Mansuetus, kwangu pamejaa. Wakati uchunguzi unaendelea, aniletee kikosi cha askari wenye majembe wafukie nyasi zangu. Kama askari hawatoshi, aje mwenyewe, nitamwonyesha pa kuanzia.

Haya yakishindikana, naomba nirudishiwe kura yangu niliyompa mwezi wa kumi. Ningeitumia hapa nyumbani na kutoka sare. Nayo ikikosekana, mlima wangu utajitenga. Mji mkuu nimeshauchagua, ni ghala la mahindi.

Wasalimie nyumbani kwako wote, na yule anayepanga herufi, na anayefunga magazeti kwa kamba, na dereva anayeyaleta Mbinga yakiwa ya wiki iliyopita. Rais msalimie kipekee. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mlima.

Ni mimi mkulima wako mashuhuri,
Bernadi Hyera,
Mwenyekiti wa Nyumba (nimepinduliwa).

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii ilikaa siku mbili ikisubiri gari. Ephrasia akaiona, akaomba nimsomee. Nikamsomea yote, hata pale pa mgongo. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Halafu akasema: "Hindi moja ni la Mansuetus. La pili niliweka mimi. Niliona aibu Baba Clemence apate kura yake moja tu mbele ya mkwe wake."

Ndipo nikashika kalamu tena. Maana na mimi, Mhariri, nilikuwa nimeweka haragwe. Nilijihesabia kura nne, nikaona nimtolee moja asiaibike, apate moyo wa kwenda kufukia. Clemence na Notburga ni wasaliti kweli, lakini wawili hao hawakutosha. Wa tatu nilikuwa mimi. Waangalizi wasije.

Tangu jana tuko mlimani, na maharage ni yake, nimesema mbele ya Mansuetus. Mwenyekiti mpya amenipa miraba sita nifukie mwenyewe. Ile kazi haitaki jembe tu, pale ulipoona nimeandika hivyo pafute. Leo nimemaliza mraba mmoja, nao Ephrasia amekuja kuurudia.