Kambale Wangu wa Beseni la Bluu

Jumatatu, 4 Machi 1996. Kibamba.
Mvua kubwa! Kambale wa bondeni wametaga kwenye majani. Nimechuma mayai sahani nzima. Jirani yangu Flaviana kachuma yake. Mzee Ferdinand amechimba bwawa na anatafuta msimamizi: atamchukua yule ambaye vifaranga vyake vitaogelea vizuri Jumapili. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe sijawa na kazi yenye jina. Hii ni yangu! Flaviana ametia yake kwenye maji ya mvua, basi. Hana ubunifu.

Jumanne, 5 Machi.
Balaa. Baadhi ya mayai yameota ukungu. Nikamkumbuka Suhaib, anayeloweka makoti ya mtumba kwenye dawa yasipitishe maji. Tone likiangukia koti lake linabingirika kama ushanga! Anasema dawa ya zamani ilikuwa na madhara, ikaondolewa. Hii imechukua nafasi yake, haina neno. Nikawaza: inayofukuza maji itashindwaje na ukungu? Nimemwomba kidogo, nimetia kifuniko kimoja cha dawa kwenye beseni. Na cha pili, kwa baraka.

Jumatano, 6 Machi.
Wameanguliwa! Wembamba kama nyuzi. Nimeinama juu ya beseni mpaka uji umepoa.

Ijumaa, 8 Machi.
Wangu wamelala chini. Wakijaribu kupanda, wanazunguka. Flaviana akachungulia uani: "Shomari, hao wamelewa?" Nikamjibu ni mbegu tofauti.

Jumamosi, 9 Machi.
Flaviana amemwita Mwalimu Nusaiba wa sekondari, akaja na hadubini. Nikatazama kwanza kifaranga cha Flaviana. Ya Rabi! Kinapitisha mwanga kama kioo. Moyo mdogo kuliko chembe ya chumvi, unadunda, unadunda, na damu, naona kila kijitone chake kikipita mkiani. Nikasahau kupumua. Huyu ana siku tatu duniani!

Kisha changu. Mgongo umepinda kama ndoana. Maji yamejaa kifuani, moyo umebanwa katikati. Kifuko cha hewa hakikuumbika, ndiyo maana wanazama. Na bado ulikuwa unadunda. Nikaungama habari ya vifuniko viwili.

Mwalimu hakunifokea. Alisema taratibu: "Wameondoa dawa moja, wakaleta nduguye. Kwamba ni mpya haimaanishi imepimwa kwa kiumbe kinachoumbika." Akanikataza kumwaga maji yale mtoni. Nikaomba kutazama tena. Nikatazama mara tano. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Jumapili, 10 Machi.
Kazi amepata Flaviana. Sikubisha. Wangu wamekufa wote. Flaviana amenigawia vifaranga arobaini, nikaapa mbele ya Mwalimu: maji matupu, hadi wakue.

Jumatano, 13 Machi.
Arobaini wanaogelea kama mishale! Nawatazama kuanzia alfajiri. Ila naona utelezi wa kijani pembeni. Manzese kuna bwana anauza unga wa kuutoa, wa kisasa, badala ya ule uliopigwa marufuku. Safari hii sikuwa mjinga: nikamuuliza kama umepimwa. Akasema hajasikia samaki hata mmoja akilalamika.

Nimechukua paketi mbili.